Je, niiondoe seva kabisa? Kuhusu kompyuta za shule kushirikishana faili zenyewe kwa zenyewe

*“Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Newala na ndiye ninayesimamia chumba cha kompyuta. Tuna kompyuta 24, nyingi za msaada. Nusu ziko kwenye waya na nusu kwenye WiFi. Niliandika programu kwa Python ambayo wanafunzi huitumia kuchukua video za masomo na mitihani iliyopita kutoka kwenye seva moja iliyoko ofisi ya taaluma. Darasa zima likifungua video moja, seva inaelemewa. Umeme ukikatika ofisini, chumba kizima hakina kitu. Nikiongeza kompyuta, inanibidi nizungukie zote nikiandika anwani ya IP kwa mkono. Sasa shule mbili jirani, moja ya Kitangari na nyingine ya Tandahimba, zinataka kuungana nasi. Nimesoma kuhusu DHT ya BitTorrent na kuhusu programu za kati za ujumbe kama RabbitMQ. Kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye yuko chuo sasa, ananishauri niondoe seva kabisa, faili zote zipite kwenye foleni za ujumbe, na kila kitu kijitafute chenyewe. Je, nifuate ushauri huo? Kasi itaongezeka? Na BitTorrent si kosa kisheria?”*

Mwalimu, ndani ya swali lako kuna shida tatu, na ushauri uliopewa unazijibu zote kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo nitaanza kwa kuzitenganisha. Ya kwanza ni kompyuta kujuana: mashine iliyowashwa asubuhi itajuaje kwamba wenzake wapo, na kwamba wanapatikana kwa anwani zipi? Ya pili ni kupashana habari: nani ana faili gani, ya toleo lipi, na nani bado hajaipata? Ya tatu ni kubeba mzigo wenyewe, yaani kuhamisha mamia ya megabaiti za video kutoka diski moja hadi nyingine. Kuzunguka ukiandika anwani za IP ni shida ya kwanza, seva kuelemewa ni ya tatu, na umeme wa ofisi ya taaluma unaziua zote tatu kwa pamoja kwa sababu umeziweka zote kwenye mashine moja.

Jibu langu kwa ufupi ni hili: iondoe seva kwenye ubebaji na kwenye kujuana ndani ya shule, ibakize kwenye kuthibitisha ni nani aliyetoa faili, usipitishe video kwenye foleni za ujumbe hata siku moja, na hiyo DHT, njia ya kutafuta faili bila seva, iache kwanza.

Nianze na ubebaji, kwa kuwa kasi unayoitafuta iko huko. Seva yako, ikiwa na kadi ya mtandao ya megabiti 100 kwa sekunde kama kompyuta nyingi za zamani, kwa vitendo hutoa megabaiti 11 au 12 kila sekunde. Wanafunzi 24 wakiomba video ya megabaiti 700, mlango huo mmoja unatakiwa kutoa megabaiti 16,800, na hesabu inakupa zaidi ya dakika 23 hata pasipo hitilafu yoyote, wakati kipindi chenyewe ni dakika 40. Video hiyohiyo ikikatwa vipande, seva ikaipa kompyuta ya kwanza kipande kimoja na ya pili kipande kingine, kisha kompyuta hizo zikaanza kupeana kile ambacho kila moja imeshapokea, seva itakuwa imemaliza sehemu kubwa ya kazi yake baada ya kutoa nakala moja na ziada kidogo. Nakala moja ni kama dakika moja. Swichi ya kawaida ya leo, kile kifaa kinachounganisha nyaya za kompyuta, inaruhusu kila tundu kupeleka na kupokea kwa wakati mmoja bila kumbughudhi jirani, kwa hiyo darasa zima linaweza kumaliza ndani ya dakika chache. Hilo ndilo wazo ambalo Bram Cohen alilitoa mwaka 2001 katika BitTorrent, na mpaka leo halina mpinzani kwa kazi ya aina yako, ambapo watu wengi wanataka faili moja kubwa kwa wakati mmoja.

Ukiandika sehemu hii mwenyewe, angalia mpangilio wa maombi. Wanaoanza huandika programu inayoomba kipande cha 1, kisha cha 2, kisha cha 3, na matokeo yake kompyuta zote zinashikilia vipande vilevile na hazina cha kupeana. Zinarudi kupanga foleni kwenye seva. Inatakiwa kila mashine iombe kwanza kipande ambacho wenzake wachache wanacho. Ila wanafunzi wako wanataka kuanza kutazama mara moja, kwa hiyo vipande vichache vilivyo mbele ya pale video ilipofika viombwe kwa mfuatano, na vilivyobaki vifuate kanuni ya uhaba. Kila kipande kipewe heshi yake ya SHA-256, yaani alama fupi inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, ili mashine inayopokea ijihakikishie kwamba imeletewa kilekile ilichoomba. BitTorrent ya awali ilitumia SHA-1, lakini mwaka 2017 watafiti wa Google na wa taasisi ya CWI ya Uholanzi walionyesha faili mbili tofauti zenye heshi moja ya SHA-1, kwa hiyo leo hakuna sababu ya kuanza nayo. Vipande vya megabaiti moja vinakutosha: video ya megabaiti 700 itakuwa na heshi 700 za baiti 32 kila moja, orodha nzima isiyozidi kilobaiti 23.

Hayo yote ni ya upande wa waya. Upande wa WiFi nakuomba usitarajie muujiza, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa bila kujua kilichotokea. Kompyuta zote zilizo kwenye rauta moja ya WiFi zinagawana hewa moja; mmoja akizungumza wengine wanangoja. Tena kompyuta mbili za WiFi zinapopeana kipande, kipande hicho hupita hewani mara mbili, kwanza kwenda kwenye rauta, kisha kutoka kwenye rauta kwenda kwa mpokeaji. Kompyuta 12 za WiFi zikianza kupeana zenyewe kwa zenyewe zinaweza kuwa na mwendo wa chini kuliko zilipokuwa zikichukua kutoka kwenye seva yenye waya. Kwa hiyo programu yako iielekeze mashine ya WiFi kuchukua vipande kwa wenzake walio kwenye waya kwanza. Lakini kama una fedha kidogo, swichi ya matundu 24 na boksi la waya vitakupa kasi kuliko mstari wowote wa Python, mradi hakuna kipande cha waya kinachozidi mita 100.

Sasa DHT, yaani jedwali la heshi lililosambazwa. Mfumo uliozoeleka zaidi ni Kademlia, ulioelezwa mwaka 2002 na Petar Maymounkov na David Mazières. Kila mashine hupewa namba ya biti 160, kila faili nayo hupata namba ya urefu huohuo kutokana na heshi yake, na taarifa za faili hutunzwa na zile mashine ambazo namba zao ziko karibu na namba ya faili. Ukaribu huo hauhusiani na kilomita. Hupatikana kwa kulinganisha biti za namba mbili kwa hesabu ya XOR, na mashine iliyoko Lindi inaweza kuwa jirani wa iliyoko Brazili. Anayetafuta huuliza mashine chache anazozijua, nazo humwelekeza kwa zilizo karibu zaidi na lengo, na kwa kuwa kila hatua hupunguza umbali kwa nusu hivi, katika mtandao wa mashine milioni moja jibu hupatikana kwa hatua zipatazo 20. Ni ufundi mzuri sana, nao ulibuniwa kwa ajili ya mtandao ambao hakuna anayeweza kuwajua wote.

Wewe unaweza kuwajua wote. Kompyuta zako 24 pamoja na za shule mbili jirani hazitazidi mia moja, na orodha ya mashine mia, majina na anwani zake, ni kilobaiti chache ambazo kila kompyuta inaweza kuzibeba kwenye kumbukumbu bila kuhisi. Ukiweka DHT hapo utakuwa umenunua gharama zake bila faida yake. Gharama ya kwanza ni kwamba DHT haitafuti kwa maneno. Ukiwa na heshi kamili ya faili itakuonyesha aliye nayo, lakini mwanafunzi akiandika “fizikia kidato cha tatu mwanga” haina la kumjibu, kwa hiyo bado utahitaji katalogi. Gharama ya pili ni umeme: taarifa zilizotunzwa kwenye mashine za shule moja hupotea zote pamoja shule hiyo ikizimika, na kuzirudisha kunataka matangazo ya mara kwa mara. Ya tatu watu huisahau: mashine mpya haiingii kwenye DHT mpaka ijue angalau mwenyeji mmoja, kwa hiyo ile anwani unayoiandika kwa mkono leo utaendelea kuiandika.

Kuhusu kila kitu kijitafute chenyewe, kama maana yake ni kwamba kila swali litangazwe kwa kila mtu na anayejua ajibu, mtandao wa kupeana faili wa Gnutella ulijaribu hivyo mwaka 2000. Kila mashine ililipokea swali na kulipitisha kwa majirani zake wote, nao wakafanya vivyo hivyo, hadi sehemu kubwa ya uwezo wa mtandao ikawa inaliwa na maswali. Kwa mashine 24 hutaliona tatizo hilo, ila usilijenge ndani ya programu unayotarajia kuipanua.

Kinachokufaa ndani ya shule ni tangazo la mtandao wa ndani. Kompyuta ikiwaka, inatuma pakiti ndogo ya UDP kwenye anwani ya kundi, ikisema mimi ni fulani, napatikana kwa anwani hii na mlango huu, yaani namba ya programu inayosikiliza. Walio kwenye mtandao huohuo wanaisikia na kuiandika. Huna haja ya kubuni kanuni mpya, kwa sababu mDNS, kanuni ya mashine kujitangaza kwenye mtandao wa ndani, iliyowekwa rasmi kwenye waraka RFC 6762 wa mwaka 2013, hufanya kazi hiyo kwa anwani 224.0.0.251 na mlango 5353, na Python ina maktaba iitwayo zeroconf inayoifuata. Nusu siku ya kazi na hutaandika tena anwani ya IP.

Yapo mambo manne yatakayokufanya udhani maktaba ni mbovu. La kwanza ni rauta mbili zilizounganishwa vibaya: ofisi ya taaluma iko kwenye 192.168.0, chumba cha kompyuta kiko kwenye 192.168.1 nyuma ya rauta yake, na matangazo ya kundi hayavuki kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Hamisha waya unaoingia kwenye rauta ya chumba uutoe kwenye tundu la WAN (la kuelekea nje) uuweke kwenye tundu la LAN (la mtandao wa ndani), ipe rauta hiyo anwani isiyogongana na ya rauta kuu, zima huduma yake ya kugawa anwani, na mitandao miwili itakuwa mmoja. La pili ni kipengele cha rauta kinachozuia vifaa vya WiFi visionane, ambacho baadhi ya rauta huja kikiwa kimewashwa. La tatu ni ukuta wa moto wa Windows: mtandao ukiwekwa kama wa umma badala ya binafsi, Windows inaweza kuzikataa pakiti hizo kimyakimya. La nne limewasumbua wengi wenye kompyuta za msaada. Fundi huandaa diski moja, akainakili kwenye kompyuta zote, na kama namba ya utambulisho ya programu ilikuwa imeshatengenezwa ndani ya diski hiyo, kompyuta 24 zinajitambulisha kama kompyuta moja. Hakikisha namba hiyo inatengenezwa mara ya kwanza programu inapowaka kwenye kila mashine, baada ya kunakili diski.

Nije kwenye ujumbe, ambako kijana wako amepatia nusu. Programu ya kati ya ujumbe inafaa sana kwa ile kazi ya pili, kupashana habari. Ujumbe wa aina ya “ninayo faili yenye heshi fulani, vipande 312 kati ya 700” ni baiti mia mbili au tatu, na ukiutuma kwa mada, kila anayehusika anaupata bila mtumaji kumjua. Ila foleni si njia ya kupitishia video. Wakala wa ujumbe, yaani hiyo programu ya kati, hupokea kila kitu kwanza, hukiweka kwenye kumbukumbu au diski, kisha hukigawa. Kwa hiyo ukipitisha video humo umeirudisha seva ileile iliyokuwa ikielemewa, safari hii ikiwa na kazi zaidi. RabbitMQ yenyewe, kuanzia toleo la 4.0, imeshusha kikomo cha kawaida cha ujumbe mmoja hadi megabaiti 16. Ujumbe upite kwa wakala, faili ipite moja kwa moja kati ya mashine mbili.

RabbitMQ ni programu nzuri, lakini kwa shule naiona nzito. Ukitaka wakala, tumia MQTT, kanuni nyepesi ya kutumiana ujumbe, kwa programu iitwayo Mosquitto, inayokaa vizuri hata kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye betri yake. MQTT ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo kila baiti ilikuwa na bei na mawasiliano yalikatika ovyo. Ninyi mnaonunua bando mtaithamini. Ina vipengele viwili vitakavyokusaidia mara moja: ujumbe wa mwisho wa kila mada unaweza kubakizwa ili mashine inayochelewa kuwaka iukute, na kila mashine inaweza kuacha ujumbe wa wosia ambao wakala anautangaza mashine hiyo ikikatika ghafla. Zingatia tu kwamba katika kiwango cha pili cha uhakika, kile cha QoS 1, ujumbe mmoja unaweza kufika mara mbili, kwa hiyo programu iandikwe ili kupokea habari ileile tena kusiharibu kitu.

Na kama hutaki wakala kabisa, inawezekana. Maktaba ya ZeroMQ huunganisha mashine na mashine bila mtu wa katikati, lakini haimtunzii ujumbe aliyekuwa amezimwa, na anayejiunga akichelewa hukosa yaliyotangulia. Ziba pengo hilo kwa mapatano ya zamu: kila sekunde chache mashine moja inachagua nyingine bila mpangilio, zinalinganisha orodha zao, na kila moja inachukua habari ambayo haina. Habari inatembea kama taarifa ya msiba inavyofika kijiji kizima kabla ya magharibi ingawa hakuna aliyewapigia simu watu wote. Kwa mashine 24, mizunguko kumi hivi kwa kawaida inatosha kila mmoja kujua. Mimi ningekuwa na chumba chako ningetumia njia hii, kwa sababu umeme wenu ukikatika na kurudi, mashine zinawaka kwa nyakati tofauti, na njia isiyojali nani alikuwepo na nani hakuwepo ndiyo itakayokuacha ulale.

Katika kulinganisha orodha hizo, usitumie saa ya kompyuta kuamua toleo jipya ni lipi. Kompyuta za zamani ambazo ile betri ndogo ya duara kwenye madabodi imekufa huwaka zikiamini tuko miaka mingi nyuma, na faili uliyoisahihisha leo itaonekana kuukuu kuliko ya mwaka jana. Tumia namba ya toleo inayoongezwa na mtoa faili.

Kuunganisha Kitangari na Tandahimba ni habari nyingine, kwa sababu sasa unatoka nje ya mtandao wa ndani na kuingia kwenye bando. Fungua ukurasa wa rauta yako ya laini ya simu uitazame anwani ya WAN: ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya lango la pamoja la kampuni ya simu, na hakuna anayeweza kukufikia kutoka nje moja kwa moja. Mashine mbili zilizo nyuma ya malango ya namna hiyo wakati mwingine hufaulu kuonana kwa kutumiana pakiti za UDP kwa wakati mmoja zikielekezwa na mtu wa tatu, na wakati mwingine hushindwa kabisa, ndipo inapobidi mtu huyo wa tatu abebe mzigo wote. Kwa hiyo mahali pa kukutania penye anwani ya kudumu utapahitaji, na si aibu: seva ndogo ya kukodi inayopitisha ujumbe tu na kuwatambulisha wenza, isiyobeba video. Ikizimika, kila shule iendelee na katalogi yake ya mwisho. Mnakumbuka Mei 2024, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilipokatika Somanga kwa mvua za Kimbunga Hidaya, na siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Chumba cha kompyuta cha Newala hakikupaswa kuhisi lolote kati ya hayo mawili.

Video zenyewe kati ya shule na shule nazishauri zisafiri kwa flashi au diski ya nje, kwa bodaboda au gari la abiria. Nasema hivi bila mzaha. Ukishatambua vipande kwa heshi, programu haijali kipande kimetoka wapi. Flashi ikichomekwa Tandahimba inasomwa kama mwenza mwingine, vipande vinahakikiwa, na kompyuta zinaanza kugawana. Bando hubaki kwa ujumbe na katalogi, ambavyo kwa mwezi mzima ni megabaiti chache. Diski hiyo iwekwe mfumo wa exFAT, maana FAT32 haipokei faili inayozidi gigabaiti 4. Ukiamua kuruhusu vipande vipite kwenye intaneti, weka kikomo cha kupakia, kwa sababu programu za aina hii hutoa kama zinavyopokea, na bando huhesabu pande zote mbili.

Sasa lile la uaminifu, ambalo kijana wako hakuligusa. Mashine yoyote inapoweza kujitangaza, mwanafunzi mtundu naye anaweza kutangaza faili aliyoipa jina la mtihani wa majaribio. Heshi inathibitisha kwamba kipande hakikuharibika njiani. Haisemi nani alikitoa. Ndiyo maana orodha ya vipande vya kila faili itiwe saini ya kidijitali, aina ya Ed25519 inatosha, kwa ufunguo unaokaa kwenye mashine ya taaluma na nakala yake kwenye kabati la mkuu wa shule, na kompyuta zote zikatae orodha isiyo na saini hiyo. Hapa ndipo kituo kimoja kinapotakiwa. Mashine ya taaluma ikizimika faili zilizokwisha kutolewa zinaendelea kuzunguka. Kinachongoja ni kutoa mpya tu.

Kisheria, BitTorrent na mifumo kama hiyo si kosa. Kinachoangaliwa ni unachosambaza. Napster, huduma ya kupeana muziki ya mwaka 1999, ilifungwa mwaka 2001 kwa sababu ya muziki wa watu, na ilikuwa rahisi kuifunga kwa kuwa katalogi yake yote ilikaa kwenye seva za kampuni moja. Kwetu kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kwa hiyo video na vitabu vya watu viwe na ruhusa. Matokeo, picha na taarifa za wanafunzi visiingie humo kabisa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na faili iliyokwisha kusambaa kwenye mashine mia huwezi kuirudisha. Mitihani isiyofanywa bado sihitaji kuisemea. Na ukifikiria kuunganisha shule kwa VPN, yaani njia ya siri inayopita ndani ya intaneti, kumbuka kwamba TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza Oktoba 2023 kuwa wanaotumia VPN wajisajili, kwa hiyo ulizia kwanza.

Kabla hujaandika mstari mwingine, jaribu vilivyopo. Syncthing, programu ya kuoanisha folda za kompyuta iliyoanza mwaka 2013, inatafuta wenza kwenye mtandao wa ndani yenyewe, inakata faili vipande, na inasimba mawasiliano. Weka folda ya mashine ya taaluma iwe ya kutuma tu na za chumba ziwe za kupokea tu, la sivyo mwanafunzi akifuta faili itafutika kila mahali. Upungufu wake kwako ni kwamba kwa kawaida kila mashine hubeba folda nzima, na diski za kompyuta za msaada ni ndogo. Gawa folda kwa kidato. Kolibri nayo, ambayo ni programu huria ya kujifunzia bila intaneti, inaweza kuchukua masomo kutoka kifaa kingine chenye Kolibri kwenye mtandao huohuo. Moja ya hizi ikikutosha, muda wako utumie kuandaa masomo. Isipotosha, andika ile sehemu ndogo ya katalogi na saini na uache ubebaji kwa programu iliyokwisha kupimwa.

Kuna kazi ambazo maandishi yangu hayawezi kukusaidia, na ni lazima fundi aje. Waya wa shaba unaotoka jengo moja kwenda jengo jingine ni mojawapo, kwa sababu radi ikipiga jirani waya huo huileta ndani na kuunguza swichi pamoja na kompyuta zilizochomekwa. Fundi wa umeme aangalie waya wa ardhini, na kati ya majengo pitisha nyaya za mwanga (fiber) au chombo cha redio. Kiungo cha redio kutoka Newala kwenda Kitangari kinavutia kwa kuwa mko juu ya uwanda wa Makonde, lakini masafa ya gigahezi 5 hayapendi majani, na mikorosho michache iliyo katikati ya njia inatosha kukiharibu. Apande mtu juu ya paa atazame kabla hamjanunua chochote, na masharti ya masafa muulize TCRA. Kwa mambo ya ruhusa na taarifa za wanafunzi, muone Afisa TEHAMA wa halmashauri yako kwa ana kwa ana, uende na mchoro wa mtandao wako kwenye karatasi.

Ukiniandikia tena, nitajie aina ya swichi na rauta ulizonazo, anwani ya WAN uliyoikuta, na muda ambao kompyuta moja peke yake, kwenye waya, ilichukua kupokea video ya megabaiti 700. Ukizidi dakika mbili, tatizo liko kwenye waya, kadi au diski, na tutaanzia hapo kabla ya kugusa programu.